Shangazi wa Kimondo

Fangalei, Vavau
Jumatatu, 10 Machi 2025

Lesieli, binti wa kaka yangu,

Sijui nianzie wapi, maana tangu Jumamosi masikio yangu hayajapumzika. Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, na madirisha yenyewe tulikuwa tumeyaziba kwa zile nguo za magome za harusi ili tupate giza mchana ule. Hebu fikiria joto lake. Manase kaazima projekta ya shuleni anakofundisha useremala, kaipandisha juu ya masanduku ya vitabu vya nyimbo, katundika shuka jeupe la mkewe ukutani, kisha kasimama nyuma ya mashine kifua mbele utadhani hiyo tamthilia yako kaitengeneza yeye. Kaka yako ana raha, we acha tu. Kaalika mpaka Wakatoliki.

Sasa sikiliza maoni ya sehemu ya kwanza, maana uliniomba nisikufiche. Ulipotokea umevaa aproni unafua mashuka ya hospitali, ukumbi mzima ulikusikitikia: "Maskini Lesieli, kumbe huko ndiko kazi zenyewe!" Mama Tofa mpaka leo haamini kwamba ule ni uigizaji, anakuombea upate kazi nyingine. Kimondo kilipodondoka kwenye chumba cha kufulia ukawaka mwili mzima ukawa Kimondo mwenyewe, watoto walipiga kelele mbwa wa mchungaji wakatoroka. Na ulipolishika lile basi kwa mkono mmoja lisianguke darajani, wanaume walisimama wakakuimbia.

Hapo sawa. Kasoro ni hizi. Ule mkeka wetu wa heshima wa kujifunga kiunoni, alikufunga nani? Kila ulipopaa, wanawake wote tulishika viuno vyetu tukihofia wako unadondoka. Halafu ukasimama juu ya paa la kanisa, juu ya kichwa cha mchungaji! Mchungaji Vea alicheka, lakini mimi niliiona shingo yake ilivyokaza. Na kubwa kuliko yote, unapita juu ya vichwa vya watu wazima bila kuomba radhi, wewe uliyefundishwa kuinama hata ukipita mbele ya bibi aliyelala. Basi watoto wakaona wakusaidie. Kila ulipoondoka ardhini, benchi lote la mbele likapaza sauti: "Samahanini wazee, tunapita!" Tulicheka mpaka tukalia.

Mimi nilipewa kile kiti chenye mikono. Sikukiomba. Walisema, "Shangazi wa Kimondo, pita mbele," nami nikapita.

Usisahau Aprili. Fusi wetu anatimiza mwaka na Manase ameshamtenga yule nguruwe mkubwa. Shangazi wa mtoto ni wewe, na usipokaa kwenye mkeka wa mbele hakuna atakayegusa kijiko wala keki. Mimi nilikaa kwenye wako na wa Manase, najua utamu wake.

Uniandikie kwenye karatasi, umpe msafiri wa ndege kama ninavyofanya mimi. Simu ya nyumba hii ni ya ukoo mzima, nikisema neno sebuleni jirani ananijibu.

Shangazi yako,
Melenaite


Otahuhu, Auckland
Alhamisi, 13 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisomea kituo cha basi nikacheka peke yangu, mama mmoja akasogea mbali nami. "Samahanini wazee" nimewasimulia wenzangu kazini. Mwongozaji anasema angejua mapema angeiweka kwenye tamthilia. Mkeka nilifungwa na kijana wa mavazi aliyejifunza kwenye video, naomba uniombee radhi kwa viuno vyote vilivyopata taabu.

Huku nako kumechangamka. Kuna bwana kaandika mtandaoni eti mwanamke mwenye nyonga hizi hawezi kupaa. Watonga wenzetu wa huku walimvaa, akafunga ukurasa wake kabla ya chakula cha mchana. Wasamoa wanauliza kwa nini kimondo hakikudondokea kwao. Sokoni Otara mama muuza magimbi alinishika mashavu yote mawili akaniuliza ni lini nitamtandika yule tajiri anayenunua sakafu ya bahari. Nikamwambia sehemu ya sita. Sikutakiwa kusema, kwa hiyo nawe hujasikia.

Shangazi, kuna jambo. Sehemu ya tatu ina kitu kidogo karibu na mwisho. Yule daktari, Mmaori mrefu, ananiaga gatini kabla sijazama baharini. Ananibusu shavuni, basi. Ni kufumba na kufumbua. Lakini najua ukumbini makaka na madada watakuwa wamekaa pamoja, na Manase ndiye mwenye mashine. Wewe unatujua. Tangu nilipovunja ungo akahamishiwa kibanda cha wavulana, hatujawahi kuangalia hata katuni chumba kimoja. Nikiingia mimi yeye anatoka, eti anatafuta nyundo.

Neno kama hili siwezi kumwambia kaka yangu, wala kumwandikia. Mkono utakufa ganzi. Wewe unaweza, wewe ni shangazi yetu, ukisema neno Manase hakuulizi kwa nini. Mwambie airuke hiyo sehemu, au aseme umeme umekatika, chochote. Ila usimwambie limetoka kwangu.

Kwa Fusi nitakuja, nimeshaomba ruhusa kazini. Natafuta gauni la kukalia mkekani lisilonifanya nionekane mzee kabla ya wakati.

Mtoto wako,
Lesieli


Fangalei, Vavau
Jumatatu, 17 Machi 2025

Lesieli mwanangu,

Marahaba. Sehemu ya pili imeua!

Yule tajiri alipotoa hotuba yake ya kuwapa watu ajira, mzee Tofa alisimama akasema, "Mwacheni anunue! Kwani ninyi hiyo sakafu ya bahari mnaifanyia nini?" Mkewe alimvuta shati akakaa. Ulipomtupa yule askari wake majini, Seini, wifi yako, alipiga makofi akasahau kwamba amempakata Fusi, mtoto akaokolewa na jirani. Watoto sasa wanajifunga mashuka shingoni na kuruka kutoka juu ya tangi la maji. Mtoto wa fundi cherehani kateguka bega. Mama yake akaja kwangu mbio, nikajua kaja kunigombeza. Wapi! Kaja kuniambia mwanawe ndiye aliyeruka mbali kuliko wote.

Kitonga chako lakini kimeingia maji. "Tokeni humo ndani" umeitamka kama mtalii anayeuliza choo kiko wapi. Nimewaambia watu ni kwa sababu ya upepo wa huko juu.

Nikuambie kitu, usinicheke. Leo asubuhi nimeletewa majani ya magimbi ya tui kutoka nyumba ambazo tangu mume wangu afariki hazijawahi kuuliza kama nimekula. Mimi mjane nisiye na mtoto, nilishazoea benchi la nyuma kwa ajili ya kikohozi changu. Sasa nikikohoa, watu wananiletea maji. Jumamosi hii wanakuja hata watu wa kijiji cha pili, na msemaji wa chifu mwenyewe. Manase anachonga mabenchi mapya, usiku na mchana ni randa tu.

Kuhusu lile neno la daktari, usijitie presha. Shavu ni shavu. Mchungaji Vea ananibusu shavuni kila Jumapili na sijawahi kuona mtu amekimbia.

Shangazi yako (wa Kimondo),
Melenaite


Otahuhu
Jumatano, 19 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Naandika haraka, kuna nesi anapanda ndege kesho asubuhi na amekubali kukuletea hii mkononi.

Tafadhali mwambie Manase. Tafadhali sana. Usilichukulie rahisi. Labda mimi sikulieleza vizuri, lakini mwambie tu sehemu ya tatu asiioneshe, hasa mbele ya msemaji wa chifu. Aoneshe tena ya kwanza, watu waliipenda ya kwanza.

Sina raha. Usingizi wenyewe wa mang'amung'amu. Nijibu kwamba umemwambia.

Lesieli


Fangalei, Vavau
Jumanne, 25 Machi 2025

Lesieli,

Uliniambia shavu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, msemaji wa chifu mkono wa kulia, Mchungaji Vea mkono wa kushoto. Ukumbi umeshonana. Mabenchi mapya ya Manase yalikuwa yamebana mpaka mlangoni. Wewe na yule daktari mkasimama gatini, upepo unavuma, akakushika shingo. Nikasema moyoni, shavu hilo linakuja. Halikuja, mwanangu. Kilichokuja unakijua wewe.

Ukumbi ulilipuka. Vijana waliruka mabenchi kuwakimbia dada zao. Wasichana walizibandua nguo za magome madirishani wakajifunika gubigubi. Wazee wengine walicheka, kile kicheko cha mtu asiyejua aangalie wapi. Kaka yako hakuweza kutoka, mlango ulikuwa umezibwa na mabenchi aliyoyachonga mwenyewe. Akaweka kiganja kwenye kioo cha mashine. Picha ikazimika, lakini sauti haikuzimika. Zile pumzi zenu tulizisikia zote, na muziki wake.

Alisimama hivyo hivyo, kichwa chini, kiganja kwenye taa ile ya moto. Busu likaisha, ukazama baharini, mapigano yakaanza, yeye bado kaziba. Msemaji wa chifu akamwambia kwa upole, "Manase, imepita." Hakusikia. Seini ndiye aliyekwenda kuchomoa waya.

Kiganja kimeungua, hawezi kushika randa. Amehamia kwenye kibanda cha shambani na Seini anampelekea chakula huko. Jumapili hakuja kanisani, na kwaya bila sauti yake nzito iliimba kama watu wenye njaa. Watoto wananiuliza kama Kimondo alitoka baharini salama. Mwisho hatukuuona, na hakuna anayethubutu kumuuliza Manase.

Unataka kujua kuhusu ujumbe wako. Yule nesi alinikabidhi barua Ijumaa mchana. Ujumbe ulifika.

Shangazi yako,
Melenaite


Otahuhu
Jumanne, 1 Aprili 2025

Shikamoo Shangazi,

Halikuwa shavu. Nilijua tangu siku ya kupiga picha, na nilijua nilipokuwa nakuandikia. Mwongozaji aliniuliza mbele ya watu wote kama kwetu kuna mila yoyote ya kuzingatia katika sehemu ile, na kabla hajamaliza swali nikasema hakuna shida. Niliogopa nikisema ipo wangemtafuta mwingine. Nilimkana kaka yangu kwa maneno mawili huku natabasamu. Na nilipokuandikia, aibu ilinishika hata mbele yako, nikaandika shavu. Nimekukosea wewe, nimewakosea na wale wasichana waliojifunika.

Huku kila mtu analisifu hilo busu. Wamelikata wanarushiana kwenye simu. Jana dereva wa basi kanipigia honi akanirushia busu, abiria wakashangilia. Nilishuka kituo kisicho changu nikatembea.

Lakini kuna kitu kinanichoma, Shangazi. Kama ujumbe ulimfikia Ijumaa, kwa nini aliwasha ile mashine Jumamosi? Alijua, na bado akaita vijiji viwili na msemaji wa chifu. Basi alitaka nionekane. Alitaka watu wanione nilivyo, halafu yeye aonekane mtu mwema anayemfunika dada yake kwa kiganja. Nimelala na wazo hilo nimeamka nalo, na kila nikiligeuza linarudi hapo hapo.

Nimempigia Seini. Nimemwambia wasinitandikie mkeka, siji. Nilimsikia Fusi nyuma yake anabwabwaja maneno yake yale yasiyo na mwisho, nikakata simu.

Kama nimekosea niambie. Ni wewe tu ninayeweza kukuamini.

Lesieli


Fangalei, Vavau
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Lesieli mwanangu,

Umekosea, na aliyekukosesha ni mimi. Manase hakuambiwa.

Ujumbe ulifika kwangu ukaishia kwangu. Niliandika "ulifika" nikijua utaelewa vingine, na nilitaka uelewe vingine. Ijumaa ile, barua yako ikiwa mfukoni, Manase alipita kwangu na ubao begani. Akakaa kwenye ngazi, akala magimbi niliyompa. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Ndipo akaniambia, "Shangazi, kesho msemaji wa chifu atakaa mkono wako wa kulia. Nimekukwangulia kiti, kinang'aa." Nikalimeza. Nilisema moyoni, shavu tu, nitakohoa kwa nguvu likipita. Usinitafutie kisingizio katika hilo shavu lako. Barua ya pili ilinililia wazi, nami nilitaka kiti.

Lingine nililokuficha. Jumatatu baada ya ile siku, Manase alikwenda kwa chifu kuomba radhi, na mzizi wa kava wa kinywaji cha wazee na yule nguruwe wa Fusi. Alikaa chini kabisa, karibu na mlango, kichwa kainamisha. Akasema, "Mashine niliiwasha mimi. Dada yangu hana neno." Hakulitaja jina lako kwa ubaya, si pale, si popote.

Na sasa lililo baya zaidi. Barua yako ya kususa niliipata Jumatatu, sherehe ikiwa Jumamosi. Ningekupigia siku ile ile. Lakini sebuleni wamejaa wanawake wanapika na kushona, na simu iko hapo katikati yao. Nikaona aibu wasikie Shangazi wa Kimondo alichofanya. Nikasema kesho. Na kesho yake nikasema kesho.

Juzi wakatandika mkeka, ule mwororo wa mama yenu. Kuku badala ya nguruwe. Manase alitoka shambani amenyoa ndevu, amepiga pasi mpaka kola. Seini alishamwambia huji. Akaenda kusimama barabarani kusubiri gari la uwanja wa ndege. Watu wakamwambia, "Manase, dada yako kasema haji." Akajibu, "Lesieli hutania sana."

Alisimama mpaka gari likapita na watalii wake. Chakula kinapoa, wageni wanaangaliana. Ndipo wakanigeukia mimi: "Bibi Melenaite, wewe ni shangazi wa baba mtu, kaa basi tuanze." Na ni kweli, ningeweza, hakuna ambaye angesema neno. Nilinyanyuka, nikafika ukingoni mwa ule mkeka, makalio yakagoma. Nikakaa kwenye udongo mtupu nikalia. Watu wakadhani ninakukumbuka wewe, wakanibembeleza. Hata hapo sikusema, nikabembelezwa. Manase akawafungia wageni chakula kwenye vikapu akawarudisha makwao. Keki haikukatwa.

Leo asubuhi nimekwenda shambani nikamwambia yote, kuanzia barua ya kwanza hadi kiti. Alikuwa anajaribu randa kwa mkono wa kushoto. Hakuacha. Alimaliza ubao wote mimi nimesimama, kisha akaniambia, "Shangazi, umekula?" Ni heri angenitukana.

Kile kiti nimekirudisha kanisani. Nimekaa nyuma.

Melenaite


Otahuhu
Jumanne, 22 Aprili 2025

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, nikafika pale kwenye "Lesieli hutania sana" nikashindwa kuendelea. Nimeirudia leo mpaka mwisho.

Nilitaka kukukasirikia. Nilijaribu kweli, nilizunguka meza nikisema maneno makali, lakini kila neno lilikuwa linanifaa mimi kwanza. Wewe ulitaka kiti, mimi nilitaka jina. Nilisema uongo kwa mwongozaji, nikasema uongo kwako, halafu nikamwona mbaya mtu pekee ambaye hakudanganya. Nikamsusia mtoto ambaye hajui hata kutamka jina langu. Kaka yangu amesimama barabarani na kola ya pasi, na mimi saa ile nilikuwa nimelala kitandani nikijihurumia, simu nimeizima ili mtu asinibembeleze.

Sehemu zilizofuata zimetoka. Watu wanasema nzuri. Sijaziangalia na sitaki kusimuliwa.

Shangazi, nataka kuja, lakini nije nifanye nini? Siku imeshapita, mtoto ameshapita mwaka wake bila mimi. Hata nikija siwezi kumwomba Manase msamaha. Nitautaja vipi msamaha bila kulitaja lile jambo lenyewe, na lile jambo kinywa changu hakiwezi kulitaja mbele yake mpaka nife? Nitashuka kwenye gari, nitaingia uani, nikae wapi?

Msomee Manase hii, ile sehemu inayosomeka. Nyingine ziruke. Safari hii nakuomba kweli.

Usiendelee kukaa nyuma, kikohozi chako hakitaki upepo wa mlangoni.

Mtoto wako,
Lesieli


Fangalei
Jumapili, 4 Mei 2025

Dada Lesieli,

Shangazi amenisomea barua yako. Mahali pengine alisoma, mahali pengine alikohoa tu akafungua ukurasa mwingine. Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe mwandiko, mkono ndio kwanza umerudi kazini.

Fusi hajambo. Ameota meno ya chini na anang'ata kila kitu, juzi kang'ata Biblia ya mchungaji. Anatembea akishika ukuta. Ukuta ukiisha anakaa chini na kulia, kwa hiyo ninamtengenezea kigari cha kusukuma. Seini anakusalimia sana. Shangazi anakula kwetu siku hizi, nimemwekea kigoda jikoni karibu na moto na anamgombeza kila mtu kama zamani. Projekta nimeirudisha shuleni.

Unauliza ukija ukae wapi. Mkeka bado umetandikwa pale pale mbele. Sijaruhusu ukunjwe. Seini anafagia akiuzunguka na kunung'unika, na kazi yangu kila asubuhi ni kufukuza kuku. Keki iliharibika tukawapa nguruwe wadogo. Itaokwa nyingine.

Watu wananiuliza mtoto ana umri gani. Nawaambia miezi kumi na moja. Mchungaji Vea alinijia juu: "Manase, huyu kazaliwa Aprili mwaka jana, nimembatiza mimi mwenyewe!" Nikamwambia, mchungaji, ubatizo ni wako, lakini mwaka wa mtoto unatimia shangazi yake akikaa. Alicheka. Mimi sikucheka. Nesi wa chanjo naye nimemwambia hivyo hivyo, akatikisa kichwa akaandika anavyojua yeye. Miezi kumi na moja, na ndivyo nitakavyosema mwezi ujao, na unaofuata.

Kwa hiyo siku haijapita. Lakini usikawie sana, dada. Sitaki mwanangu aanze shule akiwa na miezi kumi na moja.

Kaka yako,
Manase